Visu vya Pembe vya Babu Vina Wenyewe

Usiku ule Babu aliponijia, nilikuwa nimelala kiwandani juu ya magunia ya mkaa, kwa sababu kitanda changu alikuwa amepewa mgeni. Nitaeleza yote. Ila kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko. Naandika polepole, na mkono wangu umezoea koleo kuliko kalamu. Nilimaliza darasa la saba, basi, sikuendelea. Kama kuna maneno nimeyakosea, yasomeni hivyohivyo, mtanielewa. Na mimi si msemaji. Jambo naanza kulipanga moyoni, likifika mdomoni watu wameshahamia lingine. Ndiyo maana nimeona niandike.

Naitwa Eliamani. Tunaishi juu huku milimani, Upareni. Babu yangu alikuwa mhunzi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimvutia mivukuto ya kupulizia moto tangu nilipoacha shule. Alifariki wakati wa mvua za vuli zilizopita. Alifua majembe, miundu, nyengo, na visu vya kukunja. Hivyo visu vya kukunja vilikuwa vya aina mbili. Kulikuwa na vya soko, vyenye kipini cha mti, ambavyo mtu yeyote aliweza kununua siku ya gulio. Na kulikuwa na vya pembe. Kisu cha pembe hakikupelekwa gulioni hata siku moja. Chuma chake kilikuwa cha springi ya gari, shingoni kina kipande cha shaba, na kipini ni pembe ya ng'ombe iliyosuguliwa mpaka ukiishika juani inapitisha mwanga, rangi kama chai isiyo na maziwa. Ukikifunga kinalia tak, mlio mmoja mkavu.

Sikujua kwamba huko mijini kuna watu wanaokusanya visu. Nasema kukusanya, siyo kutumia. Wanavipanga kwenye droo yenye kitambaa na kualikana kuja kuvitazama.

Babu alipofariki, kiwanda kilinyamaza. Baba mdogo Samweli ndiye aliyeachiwa eneo lile, na alisema hawezi kukaa na banda linalovuja kwa ajili ya majivu baridi. Aligusa ngozi ya mivukuto, ikapasuka mkononi mwake. Alisema atapafanya ghala la mahindi, na fuawe, lile pande la chuma alilofulia Babu, ataiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba aniachie. Nilimwomba nikiwa nimeinamisha kichwa, sijui kama alinisikia vizuri. Akasema tuone.

Halafu, siku tuliyokuwa tunachimbua fuawe ili itoke, tukakuta chini yake sanduku la bati. Ndani mlikuwa na visu vya pembe, vimefungwa kwa vitambaa vyenye grisi, vya kutosha kujaza viganja viwili na zaidi. Vyote vipya, havijakata hata jani. Baba mdogo alivipiga picha kwa simu akamtumia rafiki yake, rafiki akamtumia mwingine, na haikupita muda watu wakaanza kupiga. Siku hiyo Baba mdogo alinishika bega, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara. Alisema, "Hivi vikiuzwa, kiwanda ni chako. Tutaezeka upya na kununua feni ya kupulizia mkaa." Kwa hiyo msidhani mimi nilikuwa naupinga ule uuzaji. Hakuna mtu pale nyumbani aliyeutaka kuliko mimi.

Wageni waliokuja walikuwa wawili. Bwana Hizza ni mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, mrefu, miwani yake imefungwa kamba ikining'inia kifuani. Madam Stella ni mama wa makamo mwenye duka la vitambaa mjini, anacheka sana, lakini akishika kisu hacheki. Wanajuana miaka mingi, na kila mmoja anaamini mwenzake hajui anachokikusanya.

Meza ilitolewa uani. Bwana Hizza alikuwa akikifunga kila kisu karibu na sikio lake. Tak. Anafumba macho. Anakifungua, anakifunga tena. Tak. Madam Stella alikuja na kimizani kidogo cha kupimia dhahabu, anaweka kisu juu yake na kusubiri namba itulie.

"Wewe unanunua kisu au unanunua mlio?" Madam Stella alimuuliza.

"Na wewe unanunua kisu au unanunua nyama? Kila kitu mizani, mizani."

Baba mdogo alicheka kupita kichekesho chenyewe.

Walianza kubishana saa za chai na hawakuacha. Kisu kimoja kilikuwa na doa la kutu dogo kama mbegu ya mchicha. Bwana Hizza alisema lifutwe, Madam Stella akasema likifutwa yeye hakitaki tena. Wakabishana kama sanduku la bati ni sehemu ya mali au ni sanduku tu. Wakabishana juu ya vile vitambaa vya grisi. Mimi niliona kisu kimoja kimekauka kwenye bawaba, kinafunguka kwa taabu, nikaleta mafuta. Wote wawili wakanizuia kwa pamoja kama niliyetaka kumwaga sumu kisimani. Walisema mafuta mapya yanashusha thamani. Nikarudisha kopo. Babu angenizaba kofi kwa kuacha kisu kikavu.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa vipini. Kama mngeviona, mngeshangaa. Havifanani hata viwili. Kimoja kinene tumboni, kingine kifupi, kingine kimebonyea upande mmoja. Bwana Hizza alisema visu vya daraja la kwanza kutoka kwa fundi mmoja hufanana, kwa hiyo hivi ni vya uzeeni, mkono wa fundi ulikuwa umechoka, vishushwe bei. Madam Stella alisema kinyume chake: kila kimoja kiko peke yake duniani, vipandishwe. Mwisho akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na birika.

"Mwanangu, wewe ulikuwa naye. Kwa nini vipini viko hivi?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu akitaka kisu cha pembe kwa Babu, alikuja na pembe ya ng'ombe wake mwenyewe, wa zizini kwake, labda yule aliyechinjwa siku ya harusi ya mtoto wake au ya matanga ya baba yake. Babu aliipokea, halafu anamwambia anyooshe mkono. Anatoa uzi wa katani, anauzungusha kwenye kiganja, anaupitisha kwenye kila kidole, anafunga mafundo. Kipini kinachongwa kwa uzi ule. Kisu kikiisha, uzi unatupwa motoni, ili kipimo cha mtu kisije kikatumika kwa mwingine. Hakuwa akiandika popote. Watu wa sokoni walipata kisu; watu wa pembe walipata mkono wao wa pili.

Nikafungua mdomo. Baba mdogo akawahi, akasema mzee alikuwa anapenda tu kubuni, ni sanaa yake. Bwana Hizza akasema sanaa au macho yalikuwa yameingia ukungu, wakacheka, mazungumzo yakaenda. Nikabaki na birika.

Giza lilipoingia walikuwa hawajakubaliana hata juu ya kisu kimoja, na njia ya kuteremka ni mbaya. Wakalala kwetu. Nikaenda kiwandani na hasira zangu: hasira ya wao kutonisikiliza, na hasira ya mimi kutosema.

Kwenye ndoto ilikuwa mchana.

Meza ni ileile lakini iko ndani ya kiwanda, na kiwanda kina madirisha ya darasa letu la shule, yale yasiyo na vioo. Mimi niko kwenye mivukuto, navuta. Ile ngozi iliyopasuka imepona, inapumua vizuri kabisa. Bwana Hizza na Madam Stella wamekaa mezani, na katikati yao kuna kigoda, na juu ya kigoda amekaa Babu.

Sikushtuka. Nilijua amefariki, na nilijua amekaa pale, na mambo hayo mawili hayakugombana. Amevaa aproni yake ya ngozi na katambuga zake za tairi. Wale wageni hawamwoni. Madam Stella anapitisha mkono mbele ya kifua chake kuchukua kisu, na yeye anajisogeza nyuma kidogo, kama mtu aliyebanwa kwenye benchi la kanisani.

Kisha Babu anachukua kisu kimoja mezani. Hakitazami. Anakifungua, anainama, anainua kipande cha muwa kutoka sakafuni, anaanza kumenya. Maji ya muwa yanateremka kwenye bapa, yanaingia kwenye shaba. Anatafuna, anatema makapi pembeni ya kiatu cha Bwana Hizza.

Nataka kumwambia aache. Sauti haitoki. Nagundua kwamba nikivuta mivukuto, pumzi yangu ndiyo inayokwenda motoni. Hakuna inayobaki ya kusemea.

Madam Stella anakiweka kisu kile kwenye kimizani chake. "Hiki kilikuwa kipya sasa hivi," anasema. Bwana Hizza anakifunga sikioni, na hakilii tak. Kinalia kama mtu anayefunga mlango akiwa na mgonjwa ndani. Wanakisogeza upande wa kushoto wa meza, upande wa vitu vya bei ndogo. Papo hapo nasikia kishindo juu. Baba mdogo yuko paani, amepanda bila ngazi, anang'oa bati. Anaondoa moja, jua linaingia.

Babu anachukua kisu cha pili. Anaweka mguu juu ya goti na kutoa mwiba kisiginoni. Kisu kinasogezwa kushoto, bati la pili linang'olewa. Anachukua cha tatu, anakatia tumbaku kwenye ukingo wa meza, kisha anakitumia kukuna mgongo kwa upande wa kipini. Navuta mivukuto, nalia, natikisa kichwa. Hanitazami. Kila kisu kikishikwa na Babu kinaharibika machoni pa wale wageni, na kila kikiharibika napoteza bati moja. Katika maisha yake sikuwahi kumkasirikia Babu. Alinilea. Lakini pale nilimkasirikia mpaka meno yakauma.

Nikaachia mivukuto. Moto ukalala. Pumzi ikanirudia yote kwa pamoja, nikamwendea.

"Babu, unaniharibia."

Akainua macho. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa nimechomoa chuma kabla ya wakati wake. Akafuta kisu pajani, akakifunga, akakusanya visu vyote mezani kwa kiganja kimoja, akavitia sandukuni. Wale wageni waliendelea kubishana juu ya meza tupu. Akanipa sanduku nibebe, akatoka.

Nje ya mlango hapakuwa uani kwetu. Tuko kwenye migomba, kando ya mfereji wa maji, na Babu yuko mbele anatembea haraka, yule aliyekuwa akienda kwa fimbo mwaka mzima wa mwisho. Nasikia katambuga zake zikipiga tope. Tunafika kwenye nyumba nisiyoijua. Mlango uko wazi kidogo, upana wa shingo ya mtu. Mkono unatoka. Mkono tu, wa mwanamke, una unga wa mahindi mpaka kwenye kifundo. Babu anafungua sanduku, hapekui, anachukua kisu na kukiweka pale kiganjani. Vidole vinafunga. Kile kipini kinene tumboni, kilichochekwa mezani, kinaingia kwenye mkono ule mpaka hakionekani tena. Mkono unarudi ndani.

"Ni nani huyu, Babu?"

"Shika sanduku."

Nyumba nyingine. Mkono wa kushoto unatoka, mkavu, wa mzee. Kile kilichobonyea upande kinakaa. Nainama nichungulie mlangoni. Ndani ni mwanga mtupu, kama unapotazama pembe juani.

"Hapa ni kwa nani?"

"Shika vizuri, litaanguka."

Tunakwenda. Tunapita sokoni, siyo siku ya gulio, meza zimelala miguu juu. Tunapita ndani ya kanisa letu, mkono unatoka mlango wa nyuma, unapewa, unarudi. Mkono mmoja hauna kidole cha shahada, na kisu chake kina kipini kifupi chenye mbonyeo mahali kidole kingekuwa. Sanduku haliwi jepesi. Tunatoa visu na linazidi kuwa zito, mpaka mishipa ya shingo imenisimama. Kila mlango nauliza, na kila nikiuliza ananijibu jambo la sanduku. Alikuwa hivyo hata akiwa hai. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia lete mkaa.

Mwisho nikaliweka chini, katikati ya njia.

"Siendi tena. Niambie majina yao."

Akageuka. Hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, akavua katambuga, akatia miguu kwenye maji.

"Majina walikuja nayo, wakaondoka nayo," alisema. "Mimi waliniachia mkono."

"Na kiwanda? Hivi visipouzwa kiwanda kinakuwa ghala. Fuawe yako inakwenda kuyeyushwa. Na mimi nitafanya kazi gani, Babu? Sijui kazi nyingine."

Nilimwambia yote. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu yeyote. Nilipomaliza, mfereji haukuwepo. Tumerudi kiwandani, hakina bati hata moja, mbingu yote iko ndani, na jua limepiga juu ya fuawe mpaka inang'aa. Babu amesimama upande wake wa siku zote. Anapitisha kiganja juu ya fuawe, kama anayempapasa ng'ombe.

"Vile si vyangu, Amani," akasema. "Nilikuwa nimewawekea."

Hakuna aliyewahi kuniita Amani isipokuwa yeye. Nikalia. Kilikuwa kilio cha hasira, sioni aibu kusema. Nikanyoosha mkono wangu mbele yake.

"Basi na mimi nipime."

Miaka yote nimemwona akipima mikono ya watu, wa kwangu hakuupima. Akatoa uzi mdomoni, maana nyuzi zake alikuwa akizilowesha mdomoni, akaanza kuuzungusha kiganjani kwangu. Niliuhisi. Ulikuwa na maji na ulikuwa wa moto. Alipitisha kwenye kidole gumba, akafika cha pili, akasimama.

"Pembe yako iko wapi?"

Sisi hatuna ng'ombe. Tulikuwa na mmoja, naye alikuwa butu, hana pembe. "Sina," nikasema.

Babu akaufungua uzi polepole, akauviringisha kwenye kidole chake, akautia mfukoni mwa aproni.

"Leta pembe," akasema.

Hata kufa hakukumlegeza. Nikataka kumwambia kwamba mimi ni mjukuu wake, kwamba nimevuta mivukuto mpaka mabega yakapinda, kwamba safari hii moja aache masharti. Nikafungua mdomo.

Tak.

Bwana Hizza alikuwa amesimama kwenye mlango wa kiwanda, jua la asubuhi nyuma yake, kisu kiko sikioni. Nyuma yake Baba mdogo anatabasamu, na Madam Stella ameshika kikombe cha chai. Bwana Hizza aliniambia niamke, wamekubaliana. Wameamka mapema na wamekubaliana juu ya vyote, na sanduku, na vitambaa vyake. Baba mdogo akanikonyeza, akatazama juu kwenye mabati yenye matundu.

Nilikaa juu ya magunia, majivu kichwani. Kiganja changu kilikuwa kimelowa jasho mahali uzi ulipopita.

"Vina wenyewe," nikasema.

Baba mdogo aliuliza wenyewe gani, nani amekuja kuviulizia. Nikaanza na pembe, nikaeleza uzi, nikaeleza kwamba Babu hakuwahi kufua kisu cha pembe bila mtu kukiagiza, kwa hiyo vya sandukuni vyote viliagizwa, na pembe zile zimetoka kwenye mazizi ya watu. Nilisema bila mpangilio, nikarudia maneno, lakini nilisema. Baba mdogo alijibu kwamba hayo ya uzi anayajua tangu mimi sijazaliwa, na kama watu wanavitaka visu vyao wangekuja. Nikamwambia watu wanaona aibu kuja kudai kisu kwenye nyumba iliyofiwa. Wengi wanadhani Babu alikufa hajavimaliza. Hilo analijua, maana anawajua watu wa kwetu.

"Haya yote umeyawaza lini wewe?" akaniuliza.

Ningeweza kusema nimeyawaza tu. "Sikuyawaza. Babu amekuja."

Madam Stella aliweka kikombe chini. Baba mdogo ni mzee wa kanisa, hapendi habari za ndoto, na nilijua atafoka. Alitazama fuawe. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.

"Alikuwaje?"

"Mkali."

"Basi ni yeye," akasema, akatoka nje.

Bwana Hizza alikirudisha kisu sandukuni kwa uangalifu. Alisema mali yenye mwenyewe hanunui, amekaa mahakamani vya kutosha kujua kesi za namna hiyo zinakoishia. Madam Stella yeye alisema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kisu ambacho mwenyewe anajulikana, na ng'ombe wake anajulikana, kina thamani zaidi kuliko vyote alivyonavyo, kwa hiyo tukiwapata hao watu tumwambie yeye kwanza, atakwenda kuwabembeleza mwenyewe. Bwana Hizza akamwambia hana haya. Wakateremka mlima wakibishana.

Baba mdogo amenipa mpaka mavuno ya mahindi. Wenyewe wakijitokeza, wachukue. Visivyochukuliwa atauza, Babu aje asije. Na wakijitokeza wote, basi hakuna cha kuezekea, na mahindi yataingia kiwandani. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Nikifanya alichoniambia Babu, naipoteza kazi aliyonifundisha. Na Babu hakuja tena kunieleza nifanyeje. Nimelala juu ya magunia yale kila siku tangu hapo kwa makusudi, napata chawa wa kuku tu. Lakini siwezi kushika koleo lake wakati nimeezekewa kwa pembe za watu.

Visu vitatu vimeshapata mikono hapa hapa kijijini. Niliona aibu kugonga milango, ila niligonga. Mama mmoja wa kitongoji cha juu alikishika, akakaa chini palepale kwenye kizingiti, akasema hii ni pembe ya ng'ombe wa mahari yake. Vilivyobaki sijui ni vya nani; vingine viliagizwa kabla sijaanza kazi, na majina Babu hakuyauliza. Babu alikuwa na wateja wa tambarare, na wengine wamehamia mbali, labda ndiko mnakoisoma barua hii. Kipo cha mkono wa kushoto, pembe yake nyeusi yenye mstari mweupe. Kipo cha mtu asiye na kidole cha shahada. Kipo kidogo sana, nadhani kiliagizwa kwa ajili ya mtoto, na mtoto huyo atakuwa ameshakua, lakini ni chake. Vingine siwezi kuvieleza kwa kalamu, mpaka mtu avishike.

Kwa hiyo naomba mniandikie, kupitia hapahapa mlipoisoma. Kama wewe, au mzazi wako, aliwahi kupanda milima ya Upare na pembe, akakutana na mzee aliyemwambia anyooshe mkono na kumzungushia uzi, niandikie. Niambie ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Usilete barua ya mwenyekiti wa kijiji ya kukutambulisha, mkono wako unatosha. Kama aliyepimwa ameshafariki, aje mtoto wake aliyerithi mikono yake, tujaribu. Mahindi yameshaanza kutoa mbelewele. Msichelewe kuniandikia.